Sikio la Bi Futi Lilivyosomeshwa

Kuna watu wanaopima nguo, na kulikuwa na Bi Futi, aliyekuwa anapima watu. Ukiingia kwenye chumba chake cha kushonea na mtoto wako, unataka sare ya shule, atamzungushia mtoto ile futi ya kupimia, halafu atakutazama wewe mama mtu kuanzia kisigino kwenda juu. "Huyu atavaa saizi ndogo," atasema. "Chakula cha nyumba nzima naona kinaishia kwako." Wateja walicheka, kwa sababu alikuwa anashona vizuri, na mtu anayeshona vizuri akikutukana unasema ana utani. Angekuwa anashona vibaya wangemwita kwa jina linalomfaa.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele ya nyumba. Cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kiti kimoja cha mbao karibu na mlango. Hicho kiti ndicho kilikuwa duka. Aliyekikalia ndiye anapokea wateja, anapima, anasema sketi itakuwa tayari lini na nani ataishona. Waliobaki ni mikono tu. Bi Futi alikikalia tangu mumewe alipofariki, na mumewe, wanasema, alifariki akitafuta utulivu.

Mtoto alikuwa naye mmoja wa kiume, dereva wa lori la safari ndefu, mpole wa aina ile ambayo upole wake unawaumiza wengine. Akaoa. Mkewe alipoletwa alikuta cherehani mbili zina mafundi wa kuajiriwa na ya tatu, ya nyuma kabisa, inamsubiri yeye.

Mkamwana alijua kushona, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Angekuwa hajui, Bi Futi angemfundisha, na pengine angempenda kidogo, kama mtu anavyopenda kitu alichokitengeneza. Lakini marinda ya yule binti yalilala yenyewe kama nywele zilizopakwa mafuta. Bi Futi akawa anavaa miwani kutafuta kasoro. Akiipata anaita mbele ya wateja, "Njoo ufumue." Binti anakuja, anafumua uzi mmoja mmoja, watu wanatazama. "Mama yako alikuwa anakufundisha huku amekupa mgongo?"

Mwaka wa pili mimba ya mkamwana ikaharibika. Akalala siku kadhaa, akarudi kazini macho yamevimba. Bi Futi alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hata kichwa hakuinua.

"Mimi sishangai," alisema. "Hata tumbo lako linashona kwa uzi mbovu."

Wale mafundi wawili walisimamisha cherehani. Mkamwana akavuta kiti, akakaa, akaanza kukanyaga pedali. Hakulia. Kulia ni kwa mtu ambaye ana wa kumbembeleza.

Sasa tuje kwenye masikio. Bi Futi alikuwa na sikio bovu, la kulia, tangu utotoni. Kila baridi ikiingia linatoa usaha, yeye analichokonoa. Leo kijiti cha kiberiti, kesho pini ya nywele. Hospitali walimwambia aache, akasema kwani wao ndio wanawashwa. Mwaka ule likaziba kabisa, maumivu yakashuka mpaka kwenye meno. Basi mama huyu, bingwa wa cherehani, akawaza kama fundi. Cherehani ikikwama inatiwa nini? Mafuta. Akachukua kile kikopo chenye mdomo mrefu, akajikamulia mafuta ya cherehani ndani ya sikio, akaziba na pamba. Likatulia siku moja. Akajisifu duka zima. Halafu, kwa kuwa akili nyingi huondoa maarifa, akatia na lile la kushoto, lililokuwa zima, eti kinga.

Usaha haukupata pa kutokea mbele, ukaenda nyuma. Homa ikampanda mpaka akawa anamuita marehemu mumewe amletee mkasi. Hospitali wakasema uchafu umeingia ndani kabisa ya sikio, umefika kwenye utando wa ubongo. Walimchoma masindano, wakamkwangua mfupa nyuma ya sikio, akapona. Alipofumbua macho aliona manesi wanafungua na kufunga midomo kama watu wanaotafuna. Akawagombeza waseme kwa sauti. Walikuwa wanasema kwa sauti.

Bi Futi alisoma kidogo tu, herufi kubwa anaziweza. Mwanawe akaenda nyumbani akachukua chaki ya kukatia na kipande cha kitambaa cheusi cha sketi, akamwandikia pale kitandani: MAMA MASIKIO YAMEKUFA YOTE. Upole wake ndio huo. Halafu akafuta kwa kiganja, akaandika tena: KUNA KIFAA WANAWEKA. NDANI KUNAOTA MFUPA. TUWAHI.

Ilikuwa kweli. Ugonjwa ule ukipita, ndani ya sikio kunaanza kujaa mfupa, na mfupa ukijaa waya wa kifaa haupiti tena. Watu wanasema ulimi hauna mfupa. Wa kwake haukuwa nao kabisa, mfupa ulikuwa umeenda kuotea sikioni.

Hospitali ile ilikuwa na mpango wa kuwawekea watu wachache, akapata nafasi. Walimpasua upande wa kulia, wakamwachia kidonda kirefu kilichoshonwa, naye akiwa anatoka usingizini akakipapasa na kusema aliyekishona hajui kushona.

Lakini kifaa hakiwashwi siku hiyo hiyo. Kidonda lazima kipone kwanza. Na duka halisubiri kidonda. Wateja wanataka mtu wa kuwasikia, shule zinafunguliwa, na dereva safari zinamwita. Akamkalisha mkewe kwenye kiti cha mlangoni. Mama yake akapelekwa nyuma, kwenye cherehani ya tatu, na kopo la vifungo. Kazi ya masikio haikuwezekana, basi wakampa ya mikono.

Ubaya ni kwamba duka lilistawi. Kumbe kuna akina mama walikuwa wanapita barabara ya pili ili wasipimwe miili yao na Bi Futi. Sasa wakarudi, wanakaa, wanacheka na mkamwana, na Bi Futi kule nyuma anaona meno yao na hajui wanacheka nini. Aliamini wanamcheka yeye. Mara nyingine alikuwa sahihi.

Dereva aliporudi, mama mtu akamshika mkono akampeleka mbele ya kile kiti, akakipiga kofi. Mwanawe akachukua chaki, akaandika kwenye kitambaa kilichokuwa mezani: UKISIKIA UNARUDI. Mkamwana naye alisoma. Kitambaa kilikuwa chake, alikuwa katikati ya kukikata.

Siku ya kuwasha ikafika. Binti wa hospitali, yule anayefundisha watu kusikia, alimvisha kifaa nyuma ya sikio, na kisahani kidogo kikanata kwenye ngozi ya kichwa kwa sumaku iliyo ndani. Akawasha. Wengine wanasema siku hiyo watu hulia machozi ya furaha. Bi Futi alikunja uso kama aliyelamba betri.

"Mama, unanisikia?" binti aliuliza.

Alichosikia Bi Futi ni changarawe inasagwa ndani ya sufuria. "Kimeharibika hiki," alisema. "Chukueni kingine."

Yule binti alikuwa ameshazoea. Akawageukia dereva na mkewe. "Kifaa ni kizima. Sikio ndilo changa, kama la mtoto aliyezaliwa leo. Maneno lazima lifundishwe upya. Anahitaji mtu mmoja wa kukaa naye kila siku amsemeshe. Na mdomo ufichwe, maana akiuona atasoma midomo, sikio litabaki vivu." Akatoa duara la mbao la kutarizia, limewambwa kitambaa chepesi cheusi, akaliweka mbele ya mdomo wake. "Hivi. Sauti inapita, midomo haionekani."

Maduara kama hayo nyumbani yalikuwepo manne.

"Nani atakuwa naye?" yule binti aliuliza. Dereva akamtazama mkewe. Hakukuwa na mwingine wa kumtazama.

"Nimsemeshe nini?" mkamwana aliuliza.

"Lolote, dada yangu. Ya dukani, ya jikoni, hadithi. Cha maana usichoke."

"Na asiposemeshwa?"

"Atasikia kelele tu. Magari, vyombo, mvua. Maneno hapana."

Mkamwana akaitikia kwa kichwa, taratibu. Ungedhani anapokea vipimo vya gauni.

Angekataa? Mumewe alikuwa anapiga simu akiwa safarini kuuliza kama mama amesemeshwa, na mafundi wale wawili wanaulizwa pia. Basi kila jioni wateja wakipungua, anavuta kigoda mbele ya mama mkwe, anainua duara, macho mawili tu yanabaki juu. Siku za mwanzo alisema mlango, kiti, uzi, mkasi. Bi Futi anarudia ovyo, anakasirika, anamtupia maneno kwa sauti ile kubwa ya kiziwi. Maana masikio yalikufa, mdomo haukupatwa hata na mafua.

"Unanung'unika kama nzi kwenye chupa," alimwambia jioni moja, mteja yupo. "Hata kusema hujui. Mwanamke usiyejua kuzaa wala kusema, umekuja kufanya nini kwangu?"

Mteja akatazama sakafu. Mkamwana akaliinua duara vizuri zaidi, macho yakatabasamu, na sauti ikatoka laini, kama anamlaza mtoto.

"Kisirani wewe," alisema. "Kisirani mkubwa. Wewe ni kifungo cha shati la maiti, hakina kazi ila lazima kifungwe. Ulipokuwa unaumwa nilikuombea kila siku. Sikukwambia naomba nini."

"Sielewi hata neno," alisema Bi Futi. "Endelea."

Akaendelea. Mafundi wawili waliuma vitambaa, mmoja akajidunga kidole. Mteja alitoka akicheka mpaka barabarani.

Kuanzia siku hiyo somo likapata mwalimu. Mkamwana hakuchoka tena. Alifunga hesabu za moyo wake zote, jioni kwa jioni, kwa sauti ya asali. Alimwambia habari za mguu wake mbaya na mkono wake mzito jikoni. Akamwambia mumewe hakufa, alihama. Kuna siku Bi Futi aliinamia sahani ya pini, na pini zikaruka zikanata kwenye sumaku ya kichwani, kichwa kikaota miba. Mkamwana alizitoa moja moja kwa heshima zote, akarudi nyuma ya duara. "Angalau kichwa kimepata kazi," alisema. "Miaka yote hii tulikuwa hatujui ni mto wa pini."

Mtu ukimsomea habari za mvua analala. Mtukane, kila mshipa unaamka, hata kama hajui bado anatukanwa. Maneno yale yalikuwa yanarudi, na yanarudi na chumvi yake. Jioni moja, katikati ya ile changarawe, Bi Futi akasikia "kisirani." Safi kabisa, kama kifungo kimeanguka sakafuni. Mkono wake ukasimama. Akadhani sikio linamdanganya. Akangoja. Likaja tena, na mwenzake nyuma yake, "mkubwa".

Mwingine angeinuka na kuzua vita. Bi Futi si mjinga hivyo. Alijua akionyesha kwamba anasikia, duara litashushwa na maneno yatarudi kuwa mlango na kiti, kwa uvivu, kwa shingo upande, na sikio litakufa njaa. Akafanya uso wa gogo.

"Bado nasikia kelele tu," alisema. "Endelea, mwanangu."

Hakuwahi kumuita mwanangu. Mkamwana angeshtuka hapo, lakini mtu akishaonja utamu wa kusema hajali anasema mbele ya nani.

Ikawa Bi Futi anaingoja jioni. Asubuhi anashona vifungo huku anayarudia ya jana kimoyomoyo, anayapanga, huyu alinambia hiki, na kile. Alikuwa anajifunza kusikia na anaweka akiba, vyote kwa mpigo mmoja.

Halafu siku moja mkamwana hakutukana. Aliinua duara kama kawaida.

"Nilikuwa nimeshamshonea kofia," alisema. "Ya njano, kwa vile vipande vya shati ulivyotupa. Nilikuwa naificha ndani ya foronya usije ukaikagua. Uliposema lile neno la uzi mbovu nilikwenda chumbani nikaifumua. Si ulinifundisha kufumua? Nikauzungusha ule uzi kwenye kidole mpaka kidole kikawa cheusi. Mwanao alinikuta hivyo, akaniuliza kama chai ipo."

Bi Futi alisikia yote. Hakukosa neno, tangu kofia mpaka chai. Moyo ukamruka, na msije mkamdhania mema, uliruka kwa furaha. Sentensi ndefu namna ile, na sauti ya chini, na yeye ameinyaka nzima. Aliwaza, nimepona. Aliwaza, kiti changu. Ya kofia aliyaweka pamoja na mengine.

Siku ya kupimwa walikwenda wote watatu. Binti wa hospitali akaweka duara mdomoni, akasoma, "Mtoto amekwenda sokoni." Bi Futi akapata "mtoto" tu. Akasoma nyingine, akapata nusu. Binti akafikiri, kisha akampa mkamwana lile duara. "Jaribu wewe, dada."

Mkamwana akasoma kama alivyoambiwa. "Maji ya mtungi yamemwagika mlangoni."

"Maji ya mtungi yamemwagika mlangoni," alisema Bi Futi.

"Mzee amesahau kofia yake kwenye gari."

"Mzee amesahau kofia yake kwenye gari. Kama ile ya njano, siyo?"

Duara likashuka. Mkamwana alikuwa amepauka midomo.

"Anasikia vizuri sana kwa sauti hii," binti wa hospitali alisema, amefurahi maskini. "Sauti moja kwanza, nyingine zitafuata, wamsemeshe na wengine. Dada, umefanya kazi kubwa. Ulikuwa unamsomea nini?"

"Ngoja nikwambie mimi," alisema Bi Futi. Akamgeukia mwanawe, akakunja mikono kwenye mapaja, akaanza. Kifungo cha shati la maiti. Mto wa pini. Mguu mbaya. Baba yako hakufa, alihama. Yote, kwa mpangilio, na ile sauti ya asali akaiiga. Alikuwa na kichwa cha kuhifadhi. Ya kofia aliyaruka. Hayakumfaa kwenye kesi yake.

Dereva alitazama viatu vyake. "Kweli ulimwambia mama hivyo?"

"Niliambiwa niseme lolote," mkamwana alisema. "Nimemfundisha, na amefaulu. Mnataka nini tena?"

Kwenye gari dereva alisema kiti ni cha mama. Ahadi ni ahadi. Akamwambia mkewe aombe radhi, na mkewe akainua uso, akamtazama mama mkwe, akasogeza midomo polepole: Nisamehe, mama.

Sauti haikutoka. Bi Futi alisikia injini, alisikia honi, alisikia dirisha linagonga. Akadhani kelele za gari zimeimeza sauti.

Kesho yake alikaa kwenye kiti chake mapema, futi shingoni. Mkamwana akarudi nyuma, kwenye vifungo. Mteja wa kwanza akaingia na binti yake, akasema. Changarawe. "Sema tena," Bi Futi alisema. Mteja akasema tena kwa kupiga kelele, ikawa changarawe nyingi. Cherehani zinalia, barabara inalia, na sauti ya mteja imo humo ndani kama sindano kwenye rundo la mabaki. Sikio lilikuwa limesoma kwa mwalimu mmoja.

"Njoo hapa," alimwita mkamwana. "Niambie anataka nini."

Mkamwana akaja upesi, mikono nyuma, adabu tele. Akafungua mdomo, akasema na akasema, midomo inacheza, nyusi zinapanda, hata kichwa anatikisa. Hewa haikutoka, na kuisoma midomo ile Bi Futi hakujifunza, siku zote ilikuwa nyuma ya duara. Bi Futi akagusa kifaa. Akakitoa, akabadilisha betri, akakirudisha. Akasikia mkasi mezani. Akasikia mtoto anavuta kamasi. Akasikia uzi unakatwa kwa meno, kitu kidogo kama hicho. Kifaa kilikuwa kizima kuliko yeye.

Jioni alimkamata mwanawe. "Mkeo hasemi na mimi."

Dereva akaenda nyuma kuuliza. Huko sauti ilikuwepo, tena imeshiba. "Nasema naye kutwa nzima. Waulize mafundi kama mdomo wangu umefungwa." Mafundi wakaapa, na hawakusema uongo. Wao wenyewe, Bi Futi alipowaomba wamsemeshe jioni, walisema watoto wanawangoja nyumbani. Jirani alisema ana kidonda cha koo. Wote alishawapima, kila mmoja kwa siku yake. Na dereva safari ikamwita, akaondoka.

Yule mteja alirudi baada ya siku chache kuchukua sketi ya bintiye. Bi Futi alikuwa ameikata kwa kubahatisha, kwa sababu kusema "sikusikia" akiwa kwenye kiti kile kulimshinda. Alikuwa amesema, "Nimekusikia," akakata. Ilikuwa fupi, ya rangi ya shule nyingine. Mama yule akaitandika mezani, akaanza kufoka, anaonyesha pindo, anaonyesha mtoto, mate yanaruka. Wateja wawili waliokuwa wanangoja mlangoni wakatazamana, wakaondoka.

"Anasemaje?" Bi Futi aliuliza.

Mkamwana akaja akasimama karibu sana, uso kwa uso, bila duara. Akamweleza kwa kirefu, kwa utulivu, kila neno kwa midomo yake mizuri, sauti hakuna, mpaka mwisho.